Namna ya kuendesha mdahalo wa maadili unaotokana na habari za wiki

Kila kikundi kipya kinapoanza huuliza maswali yaleyale: tuchague habari gani, mada iandikwe vipi, nani azungumze kwanza, na tufanyeje watu wakianza kugombana? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kuchagua habari hadi kura ya mwisho. Unafaa darasani, kwenye kikundi cha vijana, kwenye kipindi cha redio, au kwa marafiki wanaotaka kubishana kwa faida.

Lishike jambo moja tangu sasa, maana hatua zote zinalitegemea. Midahalo mingi ya namna hii huharibika kabla msemaji wa kwanza hajasimama, kwa sababu hakuna aliyeliandika swali la kimaadili lenyewe. Watu hubishana juu ya tukio, juu ya mtu aliyehusika, juu ya chombo kilichoripoti, na muda unakwisha swali la wajibu halijaguswa. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya hatua zilizo hapa ni za maandalizi. Usiziruke.

Mahitaji

- Washiriki 6 hadi 12. Wakizidi, waliosalia wawe wasikilizaji wenye haki ya kupiga kura. Wakipungua, kila mtu ajiandae kutetea pande zote mbili.
- Mwenyekiti, mtunza muda na katibu. Mwenyekiti hachangii hoja wala hapigi kura. Akitaka kuchangia, amkabidhi mwingine kiti kwa siku hiyo.
- Habari moja iliyokwisha kupitisha saa 48 tangu itangazwe. Taarifa za saa za mwanzo hubadilika mno: idadi ya waathirika, mpangilio wa matukio, hata nani alimfanyia nani.
- Vyanzo vitatu visivyonakiliana. Angalia mwanzo na mwisho wa kila habari. Ukikuta zote tatu zimetoka shirika lilelile la habari, liwe Reuters, AP au AFP, basi una chanzo kimoja kilichochapishwa mara tatu.
- Ubao au karatasi kubwa, saa yenye kengele, na vipande viwili vya karatasi kwa kila mpiga kura.
- Dakika 75 za mdahalo, pamoja na saa mbili za maandalizi siku moja au mbili kabla.

Hatua ya 1: Chagua habari yenye uamuzi ndani yake

Habari kubwa si lazima iwe habari inayofaa. Tetemeko la ardhi hutikisa vyombo vyote vya habari, lakini ardhi haikuamua kutetemeka. Kinachojadilika ni uamuzi wa watu: nani aliidhinisha jengo lililoanguka, nani apelekewe msaada kwanza, picha za maiti zionyeshwe au zifichwe.

Pima hivi. Andika mambo matatu: nani aliamua, alichagua nini, na aliacha nini. Ukishindwa kujaza la tatu, tafuta habari nyingine. Kisha jiulize kama watu wawili waadilifu, wenye taarifa zilezile, wanaweza kutofautiana hapo. Jibu likiwa hapana, ama iache habari hiyo, ama chimba chini yake.

Kuchimba mara nyingi hulipa. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba mapacha wamezaliwa baada ya yeye kuhariri jeni zao walipokuwa viinitete. Ukiuliza kama alitenda sawa, mdahalo utakwisha kwa dakika tano: wanasayansi wengi, wakiwamo wa nchini mwake, walimlaani, na mwishoni mwa 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Swali gumu liko chini yake. Tuseme mbinu hiyo imethibitika kuwa salama: je, mzazi ana haki ya kumbadilishia mtoto jeni ambazo mtoto naye atawarithisha wanawe? Hapo watu wema wanagawanyika kweli.

Tahadhari mbili. Kwanza, kuwa mwangalifu na kesi iliyo mahakamani. Katika nchi nyingi kuna sheria zinazozuia maoni ya hadhara yanayoweza kuathiri mwenendo wa kesi, na hata pasipo sheria hiyo kikundi chenu hakina ushahidi wa kutosha kumtia mtu hatiani. Jadilini kanuni, hatia ya mshtakiwa iacheni. Pili, waulize washiriki faraghani, siku kadhaa kabla, kama kuna mada wasiyoiweza. Aliyefiwa mwezi uliopita hatakiwi kuketi akisikiliza watu wakipimana hoja juu ya kifo cha namna ileile. Mtu aruhusiwe kuikataa mada bila kueleza sababu.

Hatua ya 2: Tenga ukweli na maadili

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote.

Chukua karatasi moja, uigawe safu tatu: yanayojulikana, yanayobishaniwa, na yasiyojulikana bado. Kwenye safu ya kwanza ingiza tu kile kilichomo katika vyanzo vyote vitatu au katika waraka rasmi unaoweza kuusoma mwenyewe. Yaliyobaki yaende safu ya pili, hata kama wewe binafsi unayaamini.

Kisha lichukue kila dai unalotarajia kulisikia na uliulize: ni ushahidi gani ungeumaliza ubishi huu? Ukiweza kuutaja, hilo ni dai la ukweli. Kama ushahidi wote ungewekwa mezani na ubishi ukabaki palepale, hilo ni dai la kimaadili.

Mfano. Machi 2020, hospitali za kaskazini mwa Italia zilipoelemewa na wagonjwa wa COVID-19, chama cha madaktari wa nusukaputi na wa wagonjwa mahututi cha nchi hiyo, SIAARTI, kilitoa mapendekezo yaliyosema kwamba huenda ikabidi kuweka ukomo wa umri kwa wanaoingizwa kwenye uangalizi maalumu. Yapime madai haya manne:

- "Mashine za kusaidia kupumua hazikutosha." Ukweli. Zinahesabika.
- "Wazee walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupona." Ukweli. Kumbukumbu za hospitali zinajibu.
- "Kijana ambaye bado hajaishi sana anastahili mashine kuliko mzee aliyekwisha kuishi." Maadili.
- "Daktari asimwondolee mgonjwa mashine ili ampe mwingine, hata kama huyo wa pili ana nafasi kubwa ya kupona." Maadili.

Watu wawili wanaweza kukubaliana kabisa juu ya mawili ya kwanza na kupingana kabisa juu ya mawili ya mwisho, na asiwepo kati yao aliyedanganywa. Mwanafalsafa David Hume alilieleza hili mwaka 1740: huwezi kutoka kwenye "mambo yako hivi" ukafika kwenye "yapasa yawe hivi" bila kuongeza kitu katikati. Kazi kubwa ya mwenyekiti ni kudai kitu hicho cha katikati kila kinapofichwa. Mtu akisema "wazee hupona kwa shida, kwa hiyo wasipewe mashine", mwenyekiti aulize: "Umetumia kanuni gani kutoka sentensi ya kwanza kwenda ya pili? Itaje." Nadharia unayoihitaji inakomea hapo.

Madai ya safu ya pili yanayougusa mdahalo yamalizwe kwa makubaliano: "Kwa leo tuchukulie kwamba..." Yaandikwe ubaoni. Makubaliano ya mdomo husahaulika dakika ya ishirini, na ubishi wa takwimu unarudi upya.

Hatua ya 3: Andika mada

Mada nzuri ina mtendaji, tendo na mazingira, na haizidi maneno 20. Linganisha:

- "Maadili ya chanjo." Hiki ni kichwa tu. Hakuna cha kukubali wala cha kupinga.
- "Nchi tajiri ziache ubinafsi." Hukumu imekwisha kutolewa ndani ya neno ubinafsi. Nani atasimama autetee?
- "Nchi iliyokwisha kuchanja raia wake isitoe dozi ya nyongeza kabla wahudumu wa afya wa nchi nyingine hawajapata ya kwanza." Hii inafaa.

Mada hiyo ya tatu ina mzizi katika habari halisi. Agosti 2021 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zisimamishe dozi za nyongeza za chanjo ya COVID-19 walau hadi mwisho wa Septemba, na nchi kadhaa tajiri zikaendelea nazo. Kila upande una kitu cha heshima cha kutetea: huyu wajibu wa serikali kwa watu wake, yule usawa wa uhai wa binadamu popote alipo. Mada isiyompa kila upande kitu cha heshima cha kutetea irudi ikaandikwe upya.

Kabla ya kuikubali mada, amua inauliza lipi kati ya haya matatu:

(a) Tendo lenyewe ni baya?
(b) Mtendaji anastahili lawama?
(c) Sheria au kanuni ya kazi ilizuie?

Majibu yake hayaendi pamoja. Mwaka 1993, nchini Sudan, mpiga picha wa habari Kevin Carter alipiga picha ya mtoto aliyedhoofika kwa njaa huku tumbusi amesimama nyuma yake. Ilipochapishwa, wasomaji wengi walitaka kujua mtoto aliishia wapi, na mwaka 1994 picha hiyo ikapata tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani. Mtu anaweza kusema, bila kujipinga hata kidogo, kwamba kutombeba mtoto yule hadi kwenye msaada lilikuwa kosa. Kwamba mpiga picha aliyekuwa katikati ya njaa kubwa kiasi kile hastahili lawama nzito. Na kwamba sheria ya kuwalazimisha wanahabari kuweka kamera chini ingekuwa na madhara makubwa kuliko faida, maana misaada mingi huanza baada ya dunia kuona. Mada ikichanganya (a) na (c), msemaji mmoja atazungumzia dhamiri, mwenzake atazungumzia sheria, na watapishana hadi mwisho bila kukutana.

Mwisho, ondoa maneno yaliyokwisha kuhukumu. Badala ya "mauaji" andika "kuua", badala ya "wizi" andika "kuchukua bila idhini", badala ya "usaliti" andika "kutoa siri za mwajiri". Kama kuua huko kulikuwa mauaji au la, wasemaji ndio watakaothibitisha.

Hatua ya 4: Orodhesha wanaoguswa

Dakika kumi zinatosha. Chora jedwali la safu tatu: nani anaguswa, anapata au anapoteza nini, na je, aliulizwa? Safu ya tatu ndiyo muhimu, kwa kuwa hoja za ridhaa huchipuka hapo. Wakumbuke wasio na sauti kwenye habari: watoto, waliofariki, wasiozaliwa bado, walio nje ya mipaka.

Hatua ya 5: Kusanya hoja kutoka pande tano

Wanaoanza huleta hoja za aina moja tu, kwa kawaida za madhara na faida. Hoja hizo zikijibiwa, hawana pa kushika. Pitia pande hizi tano hata kama mbili zitabaki tupu.

Chukua kesi ya mapacha walioungana iliyoamuliwa Uingereza mwaka 2000. Mahakama iliwaita Jodie na Mary ili kuficha majina yao. Wazazi walikuwa Wakatoliki waliotoka Malta kutafuta matibabu. Madaktari walisema wasipotenganishwa watakufa wote wawili, na wakitenganishwa Mary, aliyekuwa akiishi kwa nguvu ya moyo na mapafu ya mwenzake, atakufa palepale. Wazazi walikataa upasuaji. Mahakama ya Rufaa iliuruhusu, ukafanyika Novemba, Mary akafa, Jodie akaishi.

Matokeo. Kuna uhai mmoja dhidi ya vifo viwili. Maswali ya kujiandaa nayo: unahesabu matokeo ya nani, kwa muda gani, na una uhakika kiasi gani?

Mipaka ya kutenda. Yapo mambo yasiyofanywa hata kama yataleta mema. Je, kumkata Mary ilikuwa kumuua, au kumwondoa kwenye mwili wa Jodie huku kifo kikifuata? Wasemaji wazuri hukaa sana hapa, na ni sawa wakikaa, kwa sababu kesi nzima imesimama juu ya tofauti hiyo.

Ridhaa na mamlaka. Watoto hawakuweza kusema. Basi nani aseme kwa niaba yao: wazazi, madaktari au majaji? Hoja hii husimama hata kwa mtu anayeona kwamba upasuaji ulikuwa sahihi. Anaweza kukubali uamuzi na bado akakataa mwamuzi.

Usawa. Uhai wa mdhaifu una thamani ileile? Anayesema ndiyo ana kazi ya kueleza kwa nini basi Mary ndiye afe. Anayesema hapana ana kazi kubwa zaidi.

Tabia. Mzazi mwema angefanya nini? Daktari mwema je? Na taaluma inayozoea kufanya hivi inageuka kuwa taaluma ya namna gani? Hoja za upande huu huonekana laini, lakini mara nyingi ndizo zinazobaki vichwani mwa wasikilizaji.

Kila upande wa mdahalo uandae hoja tatu, zikitoka angalau katika pande mbili kati ya hizo tano, na uandike pia hoja moja bora kabisa ya wapinzani wake. Mwenyekiti aisome hiyo ya mwisho kabla ya siku ya mdahalo. Ikiwa ni hoja dhaifu ambayo hakuna mpinzani mwenye akili angeitoa, airudishe. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndiyo, lakini anayemdhania mwenzake mjinga hushindwa kwenye maswali.

Hatua ya 6: Kura ya kwanza, kwa siri

Kila mtu aandike namba kwenye karatasi: 1 anapinga kabisa, 5 anaunga mkono kabisa. Msipige kura kwa kunyoosha mikono. Aliyeonekana akiunga mkono atajisikia vibaya kubadilika mbele ya wenzake, na mdahalo mzima utageuka kuwa ulinzi wa heshima. Katibu akusanye, asitangaze matokeo bado. Midahalo ya Munk ya Toronto, Kanada, hupiga kura kabla na baada, na mshindi ni upande uliowavuta watu wengi zaidi kuja kwake. Utaratibu huo ni mzuri, kwa sababu upande wenye wachache nao una sababu ya kupigana.

Hatua ya 7: Endesha mdahalo

Mgawanyo wa dakika 75:

- 5: mwenyekiti anasoma mada na karatasi ya ukweli (ile ya safu tatu ya hatua ya 2)
- 5: kura ya kwanza
- 16: wasemaji wanne, dakika 4 kila mmoja, pande zikipokezana
- 20: maswali, kila upande ukihojiwa dakika 10
- 15: kupima kanuni (hatua ya 8)
- 6: neno la mwisho, dakika 3 kila upande
- 8: kura ya pili na sababu

Watetezi wa mada waanze. Katika dakika nne za msemaji, nusu dakika ya mwanzo na nusu dakika ya mwisho asikatizwe na mtu. Katikati anaweza kuombwa ufafanuzi, naye ana hiari ya kukataa. Mtunza muda apige kengele mara moja ikibaki dakika moja, mara mbili muda ukiisha. Baada ya kengele ya pili msemaji amalize sentensi aliyomo, basi.

Kipindi cha maswali ndicho moyo wa kazi. Kila swali liwe moja na lisizidi sekunde 20. Kabla ya kumpinga mtu, muulizaji arudie hoja ya mwenzake kwa maneno yake mwenyewe mpaka mwenye hoja aseme "ndivyo". Akisema "sivyo", muulizaji arudie tena. Sharti hili linachosha mara ya kwanza, na vikundi vingi hutaka kulifuta. Lisifutwe. Sehemu kubwa ya ugomvi hutokana na watu kujibu kitu ambacho hakikusemwa.

Mambo ambayo mwenyekiti ayakatize papo hapo:

- Kuhama kwenye hoja na kumwendea mtu: "Unasema hivyo kwa sababu wewe ni mwajiri." Masilahi yake ni sababu ya kuichunguza hoja kwa makini. Hayaifanyi kuwa ya uongo.
- "Mbona fulani naye alifanya?" Kosa la fulani halilifanyi la huyu kuwa jema. Hoja hii ina nafasi moja tu halali, nayo ni pale inapoonyesha kwamba msemaji anatumia kanuni moja kwa maadui na nyingine kwa marafiki.
- "Tukiruhusu hili, kesho tutaruhusu lile." Inakubalika ikiwa msemaji ataeleza kila ngazi na nini kitamsukuma mtu kushuka hadi inayofuata. Asipoeleza, ifutwe.
- "Ni kinyume cha maumbile." Miwani na dawa navyo havikuota porini. Aseme kuna ubaya gani.

Hatua ya 8: Badilisha kitu kimoja

Hapa ndipo unapojulikana kama mtu ana kanuni au ana upande tu. Mchukue mmoja aliyetoa kanuni, ibadilishe kesi kidogo, na umuulize kama jibu lake linabaki. Vya kubadilisha ni mtendaji, idadi, ridhaa, ukaribu, na tofauti kati ya kutenda na kuacha.

Turudi kwenye chanjo. Msemaji kasema: "Serikali ina wajibu kwa raia wake kwanza." Badilisha ukubwa wa faida: na kama dozi ya nyongeza inampunguzia raia hatari ndogo sana, ilhali dozi hiyohiyo ingemwokoa muuguzi wa ng'ambo? Badilisha ukaribu: na kama wasiochanjwa ni wakimbizi walio ndani ya mipaka yenu, lakini si raia? Badilisha mtendaji: na kama mwenye dozi ni kampuni iliyozitengeneza na si serikali? Kila badiliko linagusa sehemu tofauti ya kanuni, na msemaji ataanza kuona ni ipi hasa anayoiamini.

Ana njia tatu halali za kujibu. Anaweza kuishika kanuni na kuyakubali matokeo yake, hata yakiwa machungu. Anaweza kuipunguza: "Raia kwanza, ila pale tu hatari zao zinapokaribiana na za wengine." Au aonyeshe tofauti ya maana kati ya kesi mbili. Njia isiyokubalika ni "hilo ni jambo tofauti" bila kusema tofauti ni ipi.

Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Jibu likigeuka hutajua kipi kililigeuza.

Visa vya kubuni visiizidi habari. Mwaka 1967 mwanafalsafa Philippa Foot alitunga kisa cha dereva wa tramu anayeweza kuigeuza njia ili aue mmoja badala ya watano, na tangu magari yanayojiendesha yaje, kila mdahalo juu yake hukimbilia huko. Tazama habari yenyewe ilivyokuwa: Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio linalojiendesha la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara. Wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Marekani walibaini kwamba mwangalizi ndani ya gari alikuwa akitazama simu, na wakaikosoa kampuni kwa usimamizi hafifu wa usalama. Hapakuwa na watano dhidi ya mmoja. Palikuwa na swali la nani abebe lawama kazi ikigawanywa kati ya mtu, mashine na kampuni, na hilo ndilo linalostahili dakika zenu 15.

Hatua ya 9: Kura ya pili

Kwa siri tena, namba 1 hadi 5, na chini yake sentensi moja: "Hoja iliyonigusa zaidi kutoka upande nisiokubaliana nao ni..." Katibu atangaze kura zote mbili na asome sentensi bila majina. Sentensi hizo zitunzwe. Ndizo zitakazokuonyesha, mdahalo hadi mdahalo, ni hoja za namna gani kikundi chenu kinazisikia na zipi kinazipuuza.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Wote wanakubaliana.* Mada ni nyepesi au imeandikwa vibaya. Sogeza mazingira hatua moja kuelekea upande mgumu, kama kwenye mfano wa jeni. Isipowezekana, gawa pande kwa kura ya bahati nasibu na watu watetee wasichokiamini. Tangaza wazi kwamba ni zoezi, ili asiwepo atakayenukuliwa nje kwa maneno ambayo si yake.

*Ubishi umerudi kwenye takwimu.* Onyesha ubaoni yale mliyokubali kuyachukulia. Kama dai ni jipya, liandike safu ya pili na uulize: "Ikiwa ni kweli, mada inageuka? Ikiwa si kweli je?" Kama haigeuki, endeleeni.

*Mtu mmoja anatawala.* Mpe kila mtu vitiketi vitatu vya kuzungumzia katika kipindi cha maswali. Vikiisha, anasikiliza. Wanyamavu wapewe dakika moja ya kuandika kimya kabla ya maswali kuanza. Wengi hawakosi hoja, wanakosa mwanya.

*"Kila mtu ana maoni yake."* Kauli hii huja watu wakichoka. Muulize aliyeitoa kama yupo tayari kusema hivyohivyo juu ya utumwa. Akisema hapana, basi anakubali kwamba maoni mengine yana sababu nzito kuliko mengine, na kazi inaendelea.

*Mtu anajibu kwa maandiko ya dini yake.* Asinyamazishwe wala asidhihakiwe. Muulize kwa upole: "Andiko hilo linalinda nini, ambacho hata asiye wa dini yako anaweza kukiona?" Mara nyingi jibu huwa hoja nzuri ya utu, ya ridhaa au ya kuwalinda wanyonge, na wote wanaweza kuipima.

*Hasira imepanda au mtu analia.* Simamisha saa kwa dakika tano. Usimlazimishe aliyeumia kueleza. Mkirudi, anza na mada kuisoma upya neno kwa neno, si kwa sentensi ya mwisho iliyosemwa.

*Habari imebadilika siku ya mdahalo.* Kama kilichobadilika kimo safu ya kwanza ya karatasi, badilisha mada kuwa ya kudhaniwa, "Iwapo daktari...", na uondoe majina ya wahusika. Usiendelee kumjadili mtu halisi kwa taarifa iliyokwisha kukanushwa.

*Kura hazikusogea kabisa.* Ni kawaida, hasa kwa mada zinazogusa uhai na kifo. Angalia sentensi za chini ya kura. Kama watu wameandika hoja halisi za upande wa pili kwa usahihi, mdahalo ulifanya kazi. Kama wameacha wazi au wameandika kejeli, rudini hatua ya 5, na mara ijayo kila msemaji aanze kwa kusoma ile hoja bora ya wapinzani aliyoiandaa.